Marekani: Aliyefeli mtihani wa vitendo wa huduma za dharura hudai nini?

NCHINI Marekani, mtu hapandi gari la wagonjwa na kuanza kuhudumia majeruhi kwa sababu tu amemaliza mafunzo. Sharti afaulu mtihani wa nadharia unaofanywa kwenye kompyuta, na pia ithibitishwe kuwa anaweza kutenda kwa mikono yake yale aliyofundishwa.

Sehemu hiyo ya vitendo ndiyo huzua manung'uniko. Mara nyingi mtahiniwa hupimwa na mtahini mmoja, na uamuzi wa dakika chache waweza kumchelewesha kupata kazi aliyoisomea kwa miezi.

Kufeli si suala la kukosa alama za kutosha pekee. Karatasi za alama huorodhesha makosa mazito, ambayo moja tu latosha kumwangusha mtahiniwa hata kama mengine yote ameyatenda vema. Miongoni mwake ni kumkaribia majeruhi bila kuhakikisha kwanza kuwa mahali pa ajali ni salama, kutotaja wala kuvaa vifaa vya kujikinga kama glavu, na kuchelewa kuanza kukandamiza kifua cha mtu ambaye mapigo ya moyo yamesimama.

Ukali huo una sababu. Kosa ambalo darasani hugharimu alama, barabarani hugharimu uhai wa mgonjwa au wa mhudumu mwenyewe.

Mwenye kutaka kukata rufaa hana budi kwanza kujua nani aliyeamua. Rejesta ya Taifa ya Wahudumu wa Tiba ya Dharura, iliyoanzishwa mwaka 1970 na yenye makao yake Columbus, Ohio, hutoa cheti tu. Leseni ya kufanya kazi hutolewa na jimbo. Aidha, katika ngazi ya kwanza ya wahudumu, mtihani wa vitendo huwa chini ya usimamizi wa jimbo, si wa Rejesta. Barua iliyopelekwa kwenye ofisi isiyohusika hupoteza siku bure.

Utaratibu uliowekwa na Rejesta kwa mitihani yake ya vitendo ulikubali malalamiko ya aina mbili tu: kwamba mtahiniwa alibaguliwa au hakutendewa haki, au kwamba vifaa vilikuwa na hitilafu. Kudai kuwa mtahini alikuwa mkali, au kuwa alama zilistahili kuwa nyingi zaidi, hakukuwa sababu.

Wakati nao ulikuwa na uzito wake. Malalamiko yalipaswa kuandikwa palepale, kabla ya mtahiniwa kuyajua matokeo na kabla ya kuondoka kituoni. Aliyenyamaza akidhani amefaulu, kisha akaitwa na kuambiwa amefeli, alikuwa amekwisha kuchelewa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sharti hilo laweza kuonekana la kikatili, lakini lina mantiki. Chupa ya oksijeni isiyotoa hewa yaweza kukaguliwa siku hiyohiyo, na mtahini aweza kuhojiwa akiwa bado anakumbuka. Baada ya wiki mbili hubaki neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine. Pia sharti hilo humzuia mtu kusubiri matokeo ndipo atafute kisingizio.

Hata malalamiko yakikubaliwa, kufeli hakugeuzwi kuwa kufaulu. Kamati, ambayo daktari alikuwa miongoni mwa wajumbe wake, iliweza kuyathibitisha matokeo, au kuyafuta na kumtaka mtahiniwa arudie sehemu hiyo. Ushindi wa rufaa, kwa hiyo, ni nafasi ya kupimwa upya kwa haki.

Mahakama nazo husita kuingilia tathmini za kitaaluma. Mwaka 1978, katika shauri la mwanafunzi wa udaktari dhidi ya Chuo Kikuu cha Missouri, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa kuondolewa chuoni kwa sababu za kitaaluma hakudai usikilizwaji rasmi kama ule wa makosa ya nidhamu. Shauri hilo lilihusu chuo, si leseni, lakini laonyesha jinsi majaji wanavyoheshimu hukumu ya wataalamu.

Kwa ngazi ya juu, mambo yamebadilika. Rejesta ilikomesha mtihani wake wa vitendo wa ngazi hiyo katikati ya mwaka 2024, na sasa uwezo wa kuamua juu ya mgonjwa hupimwa kwa maswali ya kompyuta. Vyuo ndivyo vinavyothibitisha ustadi wa mikono.

Katika ngazi ya kwanza, mtahini na karatasi yake wangalipo. Mtahiniwa mwenye busara husoma kanuni za jimbo lake kabla ya siku ya mtihani, hukagua vifaa kabla saa haijaanza kuhesabiwa, na aonapo kasoro huisema mara moja. Lakini ikiwa kosa lilikuwa lake, kurudia mtihani baada ya mazoezi huwa njia fupi kuliko rufaa.