Askari Anapozikwa Kalamba

Jeshi huja na ratiba yake. Jeneza lililofunikwa bendera hubebwa na askari wenzake wa marehemu, risasi hupigwa hewani, tarumbeta hulia, kisha bendera hukunjwa na kukabidhiwa mjane au wazazi. Ni sherehe nzuri, na haichukui muda. Lakini huku Kalamba, Makueni, heshima ya aliyefia vitani huwa imeanza siku kadhaa kabla magari ya jeshi hayajaonekana.

Mwenye matanga ni mbai, yaani ukoo. Habari ikishafika, wazee huunda kamati, na kila jioni daftari la michango hufunguliwa uani. Hata jeshi likigharamia jeneza na usafiri, daftari halifungwi, maana asiyechanga amejitoa mwenyewe kwa wenzake. Kina mama wa mwethya, wale wale wanaochimbiana matuta shambani, hugawana kazi: huyu kuni, yule kukoboa mahindi ya muthokoi, wengine maji. Na maji ndiyo kazi hasa. Wakati wa kiangazi huchotwa kwa kata kwenye shimo lililofukuliwa katika mchanga wa mto mkavu, mtungi ukajaa polepole, kisha punda apande nao hadi nyumbani kwa wafiwa. Mimi naihesabu safari hiyo kuwa heshima kubwa kuliko mlio wa bunduki.

Mababu waliofia vitani hawakupata hata kuzikwa nyumbani. Waingereza waliwaandikisha Wakamba kwa wingi katika King's African Rifles, na waliofia Burma katika Vita vya Pili vya Dunia walizikwa huko huko. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa na wanajeshi wa Afrika Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Watu wapatao 1,300 waliangamia. Nyumba isiyopata maiti ilibaki na jina, na jina likapewa mtoto aliyezaliwa baadaye, kama Wakamba wafanyavyo kwa marehemu wao.

Siku hizi maiti hurudi, ingawa si upesi. Baada ya shambulio dhidi ya kambi ya jeshi la Kenya ya El Adde nchini Somalia, tarehe 15 Januari 2016, miili ilibidi itambuliwe kwa vipimo vya vinasaba, na serikali haikutangaza idadi ya waliouawa. Jamaa walisubiri.

Siku ya mazishi mchungaji ndiye mwenye neno, maana kanisa lina mizizi hapa: misheni ya Africa Inland ilianzia Nzaui, jirani hapa, mwaka 1895. Wanasiasa nao hugombea kipaza sauti, wakamsahau aliyelala mbele yao.

Wageni wakiondoka, wazee hubaki na shughuli nzito: kugawa fidia ya kifo hicho. Mjane anataka karo ya watoto, wazazi wanakumbusha nani alimlea, shemeji ana hoja zake. Ukoo hukaa, huwasikiliza wote, na mara nyingi hulazimika kukaa tena.