Kishikwambi Kilichoachwa na Wenyewe

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari ya kishikwambi kilichokufa sokoni kikafufuliwa na watu wasiokitengeneza.

Mwaka 2010, kampuni ya Marekani iitwayo HP iliinunua kampuni nyingine, Palm, kwa dola bilioni 1.2. Palm ilikuwa na mfumo endeshi mzuri uitwao webOS, na HP ilitaka kuutumia kushindana na iPad. Tarehe 1 Julai 2011 ikaingiza sokoni kishikwambi chake, TouchPad. Kile cha bei ya chini kabisa kiliuzwa dola 499, bei ile ile ya iPad. Wanunuzi wakakishika, wakatafuta programu wanazozijua, wakazikosa, wakaenda zao.

Wiki saba hazikuisha. Tarehe 18 Agosti HP ikatangaza kwamba inaachana nacho. Vilivyobaki madukani vikashushwa bei, na kile cha dola 499 kikawa cha dola 99. Sasa wale wale waliovipita wakavigombania, vikaisha.

Wengi walifuata bei. Lakini walikuwamo waandishi wa programu walioona jambo jingine. Ndani ya TouchPad mlikuwa na prosesa ya viini viwili na RAM ya gigabaiti 1, mara mbili ya iPad 2 ya mwaka ule. La muhimu zaidi, hakikufungwa kwa kufuli ngumu: mwenye nacho aliweza kuweka ndani yake mfumo mwingine kabisa. Kundi la CyanogenMod likaanza kazi, na Oktoba ya mwaka huo huo likatoa Android ya majaribio kwa ajili yake. Kifaa kilichotupwa na kampuni yake kikapata maisha mapya mikononi mwa watu waliojua kuandika programu. Mimi kisa hiki nakipenda sana, maana vijana wengi huuliza bei kwanza, na wakishaijua hawaulizi tena.

Basi, wewe unayetaka kujifunza kuandika programu na huna fedha za kompyuta, uangalie nini unaponunua kishikwambi?

Anza na RAM, yaani mahali programu inapofanyia kazi wakati imefunguliwa. Usichukue chini ya gigabaiti 4. Na hapa fungua macho: siku hizi utaona kisanduku kimeandikwa gigabaiti 8, kumbe 4 ni za kweli na 4 zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole kuliko RAM. Muulize muuzaji RAM halisi ni ngapi. Hifadhi iwe gigabaiti 64 kwenda juu, maana mfumo wenyewe hula sehemu kubwa kabla hujaweka chochote.

Kisha tazama toleo la Android. Kuna programu ya bure iitwayo Termux, inayohitaji Android 7 au zaidi. Ipakue kutoka F-Droid, duka la programu huria. Inakupa terminali, skrini nyeusi ya kuandikia amri, na kwa amri fupi tu unaweka lugha ya Python, Git ya kutunza matoleo ya kazi yako, hata kikusanyaji (compiler) cha lugha ya C. Huhitaji kuvunja ulinzi wowote wa kifaa. Ukishaiweka Python, unaandika na kuendesha programu zako bila bando. Lakini kishikwambi cha Android hakikutengenezwa kwa kazi zote; usitarajie kuendesha humo Android Studio, programu kubwa ya kutengenezea programu za Android. Kwa miezi ya mwanzo huihitaji.

Sasa kibodi, jambo ambalo watu hulisahau kabisa. Kibodi ya kwenye skrini hufunika karibu nusu ya unachokiandika, na mabano na nukta mkato unazozihitaji mara kwa mara zimefichwa kurasa mbili ndani. Ukiandika hivyo kwa saa moja utachoka, na utadhani kazi yenyewe ndiyo ngumu. Nunua waya wa OTG, ni wa bei ndogo, uchomeke kibodi ya USB ya kompyuta ya mezani, hata iliyotumika. Mimi ningepunguza ukubwa wa skrini ili nibaki na fedha ya kibodi.

Kama unanunua kilichotumika, kiwashe mwenyewe. Hakikisha akaunti ya Google ya mwenye nacho wa zamani imeondolewa, vinginevyo kikifutwa kitakudai nywila usiyoijua. Kipapase mgongoni: kikiwa kimevimba, betri imeharibika, na betri iliyovimba ni hatari.

Na ukikuta kishikwambi kipya chenye sifa kubwa kwa bei ndogo kupita kiasi, jina lake hulijui na muuzaji hataki ukiwashe, kirudishe mezani uende duka jingine.