Shahada ya maabara: Wazazi, ulizeni kabla ya kulipa karo

Mgonjwa anapotolewa damu hospitalini, aghalabu hamwoni anayeipima. Hata hivyo, daktari hutegemea jibu la mtu huyo kabla ya kuandika dawa. Akikosea kundi la damu, mgonjwa akaongezwa damu isiyomfaa, huenda akapoteza maisha.

Ndiyo sababu kijana anayetaka shahada ya sayansi ya maabara za matibabu hana budi kuwa mwangalifu. Katika vyuo vikuu kama vile Kenyatta na Jomo Kenyatta, masomo haya huchukua miaka 4. Mwanafunzi hujifunza kutambua viini vya malaria kwa darubini, kuchunguza makohozi ya mwenye kifua kikuu na kupima sukari kwenye damu. Aliyelegea katika kemia na biolojia akiwa sekondari atapata taabu.

Lakini shahada pekee haitoshi. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 1999, anayetaka kufanya kazi hii nchini Kenya ni lazima asajiliwe na bodi ya wataalamu wa maabara. Kwa hivyo wazazi, kabla ya kuuza ng'ombe au kuitisha harambee, ulizeni bodi iwapo imeidhinisha kozi hiyo katika chuo mnachokusudia. Cheti kisichotambuliwa hakitamfungulia mtoto mlango wa maabara.

Aliyekosa alama za chuo kikuu naye asikate tamaa. Chuo cha KMTC hutoa diploma, na mwenye diploma anaweza kuendelea hadi shahada baadaye. Haba na haba hujaza kibaba.