Si Kila 'Walipendana' ni Mapenzi

Kuna neno la Kijapani ambalo hata vijana wetu wanaocheza karate wanalifahamu: sensei. Sisi hulifasiri kuwa mwalimu, na tafsiri hiyo haina kasoro. Hata hivyo, neno hilo huandikwa kwa alama mbili. Ya kwanza ina maana ya kutangulia, na ya pili ina maana ya kuzaliwa. Kwa asili yake, basi, sensei ni mtu aliyetangulia kuzaliwa. Pengo la umri limo ndani ya jina lenyewe, na pamoja na umri huo umo wajibu.

Nimelizingatia neno hilo kwa sababu ya tamthilia ya runinga iliyovuma nchini Japani mwaka wa 1999, Majo no Jōken, jina tunaloweza kulifasiri kuwa 'Masharti ya Mchawi'. Katika sehemu zake 11 zilizoonyeshwa na kituo cha TBS, Matsushima Nanako aliigiza mwalimu wa hisabati aliyekwisha kuchumbiwa, ambaye anaingia katika mapenzi na mwanafunzi wake wa miaka 17. Mama wa kijana anapinga, shule inapinga, mchumba anaachwa kwenye mataa, na wawili hao wanatoroka pamoja. Haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Mwaka wa 1993 kituo hicho kilikuwa kimeonyesha Kōkō Kyōshi, kisa cha mwalimu wa kiume na msichana wa shule ya upili. Na mwaka wa 2018 kikaonyesha Chūgakusei Nikki, kisa cha mwalimu wa kike na mvulana wa miaka 15.

Msomaji atauliza: Tokyo na Migori zinahusiana vipi? Zinahusiana kupitia simu ya mkononi, ambayo imeleta tamthilia za Asia hadi katika mabweni yetu. Zinahusiana zaidi kupitia darasa. Kazi yangu ya kuwakagua walimu wanafunzi walio katika mazoezi ya kufundisha hunifikisha Rongo na Awendo, Oyugis na Mbita. Huko hukuta mwalimu wa miaka 22 akisimama mbele ya wanafunzi wa kidato cha nne wenye miaka 17 au 18, na wengine warefu kumliko. Si muhali hisia kuzuka. Swali ni nani anayepaswa kuzizima, na hapo ndipo lugha yetu inapotupoteza.

Wanafunzi wangu wa isimu wanajua kwamba Kiswahili kina kiambishi cha kutendeana. Piga huzaa pigana, saidia huzaa saidiana, penda huzaa pendana. Kiambishi hicho kidogo, -an-, hubeba dai kubwa: kwamba watendaji ni wawili na kila mmoja anamtenda mwenzake sawasawa. Tukisema 'mwalimu na mwanafunzi walipendana', sarufi imekwisha kuwaweka kwenye mizani moja. Haituambii ni nani anayesahihisha mtihani wa mwenzake, ni nani anayeweza kumwita mwenzake ofisini, wala ni nani asiyeweza kukataa bila hofu. Tamthilia za aina hii hufanya kwa kamera kile ambacho -an- hufanya kwa kitenzi. Tunatazama mambo kwa macho ya wapendanao, na kila anayewazuia, awe mama au mkuu wa shule, huonekana adui wa mapenzi.

Aidha, tazama jinsi tunavyozungumzia mimba. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Katika Kaunti ya Homa Bay na katika Kaunti ya Migori kiwango kilikuwa asilimia 23. Hao si wasichana wa shule pekee, wala sisemi kwamba wahusika ni walimu. Wapo wanafunzi wenzao, wahudumu wa bodaboda, wavuvi wa Muhuru na wachimba dhahabu wa Macalder. Lakini sikiliza vitenzi vyetu: msichana 'alipata mimba', msichana 'alishika mimba', kana kwamba aliiokota njiani. Hata tunaposema 'alitiwa mimba', kauli ya kutendwa huturuhusu kumwacha mtendaji nje ya sentensi, naye huenda zake salama.

Dholuo nacho hakikosi vificho vyake. Katika fuo za Ziwa Victoria, mvuvi anayemwuzia mwanamke samaki kwa sharti la kulala naye huitwa jaboya, mtu wa maboya. Asiyejua hudhani ni jina la kazi halali. Masikini mchuuzi! Njaa ya watoto wake imefichwa nyuma ya chombo kinachoelea majini.

Je, basi tupige marufuku kila mapenzi yenye pengo la umri? La hasha. Mwaka wa 2003 Wambui Otieno, mpigania uhuru na mjane wa wakili S. M. Otieno ambaye kesi ya maziko yake iliitikisa nchi mwaka wa 1987, alifunga ndoa na Peter Mbugua, kijana aliyezidiwa naye kwa takriban miaka 40. Kelele zilipigwa nchi nzima, ilhali wazee wengi waliooa wasichana wadogo kuliko binti zao hawakutiliwa shaka na yeyote. Mimi sioni kosa katika ndoa ile. Wote wawili walikuwa watu wazima, na hakuna aliyekuwa mlezi wa mwenzake. Miaka peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Ushahidi ni mamlaka.

Kwa bahati njema, sheria zetu zimeliona hilo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006 inamhukumu anayelala na mtoto wa miaka 16 au 17 kifungo kisichopungua miaka 15, na adhabu huzidi kadiri mtoto anavyokuwa mdogo. Isitoshe, kifungu cha 24 kinamlenga mwalimu anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi, hata pale ambapo tendo lenyewe si unajisi wala ubakaji. Kifungo chake hakipungui miaka 10. Maana yake ni kwamba mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 bado ni mwanafunzi. Waraka nambari 3 wa mwaka wa 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu ulikwenda mbali zaidi, ukamtaka kila mwalimu anayepata habari za dhuluma hiyo aitoe ripoti katika muda wa saa 24. Japani yenyewe imebadilika: umri wa kuridhia ngono, uliokuwa miaka 13 tangu sheria ya mwaka wa 1907, ulipandishwa hadi miaka 16 mwaka wa 2023.

Hata neno letu la kisheria linahitaji kuchunguzwa. Kunajisi hutokana na najisi, yaani uchafu. Tunaposema mtoto 'amenajisiwa', tunamwachia mtoto uchafu na kumwachia mkosaji jina lake. Hivyo basi tuna maneno mawili yenye ila: 'uhusiano wa kimapenzi' linaloficha kosa, na 'kunajisi' linalompaka tope aliyekosewa. Ningependa walimu wa Kiswahili walizoeshe darasa neno dhuluma. Neno hilo huuliza mara moja: nani amemdhulumu nani?

Wapo wanafunzi watakaonijibu kwamba mapenzi hayachagui umri, na kwamba hisia za yule kijana wa miaka 17 zilikuwa za kweli. Sikatai. Hisia za kijana ni za kweli na hazistahili kuchekwa. Lakini ukweli wa hisia zake ndio unaouzidisha wajibu wa mwalimu, kwa kuwa kijana anayependa kwa dhati ndiye asiyejua kujilinda. Kijana akipenda, mwalimu anaweza kungoja, anaweza kukataa, anaweza kumwomba mkuu wa shule amhamishie darasa jingine. Kijana hana mlango hata mmoja kati ya hiyo.

Kwa hiyo siwahimizi walimu wa Migori na Homa Bay kunyang'anya simu na kulaani tamthilia. Kinachokatazwa hutafutwa gizani. Nawahimiza waziingize katika kipindi cha fasihi na kuwauliza wanafunzi maswali matatu. Kisa hiki kinasimuliwa kwa macho ya nani? Nani angepoteza nini kama angekataa? Na kama kisa hiki kingeandikwa na mama wa yule kijana, kingeitwaje? Mwanafunzi anayeweza kuyajibu maswali hayo atafurahia tamthilia bila kudanganywa nayo, na huenda siku moja akaitambua dhuluma kabla haijamfika yeye au jirani yake wa dawati.

Kisha wawaandikie ubaoni maneno matatu. Sensei, aliyetangulia kuzaliwa. Japuonjre, jina la Dholuo la anayefundishwa, lililochipuka katika shina moja na japuonj, mwalimu. Na mwanafunzi, ambalo Kiswahili kiliunda kwa kuunganisha mwana na funza: mwana wa mafunzo. Lugha tatu zisizo na undugu zimeliona jambo moja, kwamba kati ya mwalimu na mwanafunzi mmoja ni mlezi na mwingine ni mwana.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mzazi wa Nyatike au Suba anapomvika mwanawe sare na kumwaga njiani asubuhi, hamkabidhi kwa mpenzi, humkabidhi kwa mwalimu. Amana hurudishwa kwa mwenyewe kama ilivyopokewa.