Unataka kuprinti fulana Ukambani? Mashine kubwa iache kwanza

Najua umeiona YouTube. Ile mashine yenye mikono minne, inazunguka kama bembea, jamaa anavuta wino mara moja na fulana iko tayari. Umepiga hesabu, chama kinaweza kukukopesha, umebaki kutuma pesa tu. Ngoja kwanza, msee. Mikono minne ni ya rangi nne, na wateja wako wa kwanza Kitui, Mwingi, Wote au Emali watataka rangi moja: kwaya, timu ya mtaa, kikundi cha akina mama, familia inayojiandaa kwa ntheo, klabu ya wanafunzi wa SEKU pale Kwa Vonza.

Kwa rangi moja, meza nzito na bawaba mbili za mlango zinatosha kushika fremu. Fremu yenyewe fundi wa mbao atakutengenezea, mradi mbao iwe imekauka kabisa. Mbao mbichi ikipigwa na jua letu inapinda, na fremu iliyopinda haiguzi fulana sawasawa. Mchoro wa A4 uupe fremu ya kama sentimita 40 kwa 50 kwa ndani, wino upate pa kupumzikia.

Doo zako zipeleke kwenye wavu. Wavu ndio skrini yenyewe. Kwa fulana za kawaida omba 43T, yaani nyuzi 43 kwa kila sentimita. Maandishi madogo sana yanataka 77T. Uvutwe mpaka ukiugonga kwa kidole ulie kama ngoma. Ukilegea, mchoro unatoka na kivuli. Mpira wa kuvutia wino nao usiuonee ubahili. Uwe mpana kuliko mchoro kwa sentimita chache, na makali yake yawe yamenyooka.

Sasa jua. Wavu unapakwa emalsheni ndani ya chumba chenye giza, unaachwa ukauke, kisha unaweka juu yake mchoro mweusi uliochapwa kwenye karatasi angavu pale saiba, na kioo cha kuugandamiza. Mwanga unaigandisha emalsheni kila mahali isipokuwa chini ya ule weusi. Pale ndipo inapooshwa ikatoka, na wino ukapata njia. Watu wa nchi za baridi wananunua taa maalum kwa kazi hii. Wewe una jua la Kitui, na la saa sita linamaliza upesi sana, kwa hivyo usikisie. Chukua kipande cha wavu uliopakwa, kifunike kwa kadibodi, kisha uwe unaifunua kidogo kidogo kila baada ya sekunde 10. Osha uone ni sehemu gani imetoka safi, uandike saa na hali ya mawingu.

Kuosha kunataka maji yenye nguvu, na kwetu maji ni ya mtungi. Nunua bomba la mgongoni, lile la kunyunyizia miembe dawa. Linatoa presha ya kutosha bila kumaliza mtungi. Lakini liwe jipya. Usiazime la mjomba lenye mabaki ya dawa ya wadudu, utajipulizia sumu usoni.

Jua hilo hilo ndilo litakusumbua kwenye wino. Wino wa maji ni rahisi kutumia na unaoshwa bila kemikali kali, ila kwenye kibanda cha mabati mchana wa Septemba unakaukia ndani ya wavu kabla hujafika fulana ya kumi. Chapa asubuhi mapema, acha wino umefunika mchoro kila unapoinua fremu, na uwe na chupa ya kunyunyizia maji karibu. Plastisoli haikaukii kwenye wavu, wengi wanaipenda kwa hilo. Tatizo lake ni kwamba inataka joto la nyuzi kama 160 kuiva. Ukiianika juani tu haitaiva, na itabanduka kwenye karai la kwanza la kufua. Kama huna njia ya uhakika ya kupata joto hilo, baki na wino wa maji: uache ukauke, kisha upige pasi kavu juu ya karatasi. Pasi ya makaa inaweza kufanya kazi siku stima imepotea, ila jivu moja tu na fulana nyeupe imeisha.

Kuna atakayekuambia uruke haya yote ununue mashine ya joto. Kwa oda ya fulana tatu ana haki, skrini haikulipi. Kwa fulana 50 anakosea. Na ile sublimesheni inashika poliesta ya rangi nyepesi pekee, pamba haiwezi.

Kushona tayari kunafanyika huku. KICOTEC, kiwanda cha nguo cha kaunti pale Syongila, kilishona barakoa mwaka wa 2020. Lakini kazi ya kuprinti bado inapanda matatu kwenda River Road. Kampeni za Agosti 2027 zitaleta oda kubwa, na wanasiasa wanajua kuchukua fulana kwa ahadi. Nusu ya pesa iingie kwenye M-Pesa kabla hujafungua mkebe wa wino. Na uwe na fremu ya pili tayari, kwa sababu wavu hupasuka usiku wa kuamkia siku ya mkutano.