Kubadilisha Seva ya Barua Pepe Bila Kupoteza Barua ya Mtu

Chukua mfano wa mzazi aliyetoka kijijini asubuhi kwa basi, akafika mjini, akaingia kwenye kibanda cha intaneti na kumwomba kijana wa hapo amtumie seminari vyeti vya mwanawe. Kijana anaskani, anatuma, anasema, "Tayari mzee, imekwenda." Mzazi analipa na kurudi kwao. Anwani iliyotumika hataifungua tena; pengine hata si yake, ni ya yule kijana. Barua hiyo ikirudishwa saa moja baadaye na maneno ya Kiingereza kwamba mpokeaji hajulikani, hakuna atakayeisoma. Huku seminarini tutasema tu kwamba mwombaji huyo hakuleta vyeti.

Nimeanza na mzazi huyu kwa sababu ndiye anayepaswa kuwa akilini mwa frateri yeyote atakayekabidhiwa kazi ya kubadilisha seva ya barua pepe. Na mafrateri hukabidhiwa kazi hizi, mara nyingi kwa sababu tu ni vijana. Mashine ya zamani imechoka, diski imeanza kulia, au mfumo wake hautolewi tena marekebisho ya usalama. Inabidi nyingine isimame mahali pake. Ninaeleza hapa kazi hiyo inavyofanyika kwenye mifumo ya jamii ya Unix, kama Debian au FreeBSD. Amri moja moja sitazifuata zote, maana vitabu vya maelekezo vipo. Nitakaa zaidi kwenye swali ambalo maelekezo mengi hulipita haraka: katika kila dakika ya uhamisho, barua iko mikononi mwa nani?

Seva za barua huzungumza kwa makubaliano yanayoitwa SMTP. Yaliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, na toleo linalofuatwa leo, RFC 5321, ni la mwaka 2008. Mazungumzo yenyewe ni mafupi. Seva inayotuma hujitambulisha, hutaja mtumaji, hutaja mpokeaji, hutoa barua, kisha hungoja jibu la namba. Jibu likianza na 2, kwa kawaida 250, maana yake ni: nimepokea, na sasa barua hii iko juu yangu. Kuanzia hapo mtumaji anaruhusiwa kufuta nakala yake. Jibu likianza na 4, maana yake: si sasa, jaribu baadaye, barua hubaki kwenye foleni ya mtumaji. Likianza na 5, ni hapana ya moja kwa moja, na barua humrudia mwandishi.

Kumbe 250 ni ahadi. Mimi ninayesoma falsafa ningesema ni neno linalotenda: likishatamkwa, wajibu umehama kutoka mashine moja kwenda nyingine, hata kabla mtu yeyote hajaisoma barua.

Tukilielewa hilo, tunaona jambo ambalo wengi hulichukulia kinyume. Seva iliyozimwa haina hatari kubwa. Mtumaji akikuta mlango umefungwa, anabaki na barua yake na kurudi tena. Makubaliano yanamtaka aendelee kujaribu kwa angalau siku nne au tano, na programu ya Postfix, bila kubadilishwa chochote, hujaribu kwa siku tano. Hatari iko kwenye seva iliyowashwa kabla haijakamilika. Hiyo ni kama mlinzi mgeni getini ambaye bado hajafahamishwa majina ya wakazi: tarishi anafika na barua ya Padre Gombera, naye anajibu kwa uhakika wote, "Huyo hatumjui hapa." Ingekuwa heri geti lingefungwa tu, tarishi angerudi kesho. Hatari nyingine ni mlinzi anayepokea kila kitu, anasema asante, kisha anaweka barua kwenye chumba ambacho hakuna anayekifungua.

Wale wanaotumia Postfix wana dawa ya mlinzi wa kwanza. Katika faili la mipangilio, main.cf, huandikwa mstari mmoja: soft_bounce = yes. Tangu hapo kila "hapana" hugeuka kuwa "jaribu baadaye". Ukisahau kufungua kisanduku cha mtu, barua yake itangoja kwa mtumaji mpaka ukifungue. Uuweke mstari huo siku ya kwanza ya seva mpya, na uuondoe baada ya siku chache mambo yakitulia, maana ukibaki humo mtu aliyekosea herufi katika anwani hatajulishwa mpaka mtumaji achoke kujaribu.

Kuhusu programu, wazee wa kazi hii walilelewa na Sendmail ya Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ina uwezo, lakini faili lake la mipangilio linatisha. Kwa taasisi ndogo naona Postfix inatosha na kuzidi. Iliandikwa na Wietse Venema akiwa IBM, ikatolewa mwaka 1998, na imegawanya kazi kati ya programu ndogondogo, kila moja ikiwa na ruhusa chache, hivyo moja ikivamiwa si nyumba nzima iliyovamiwa. Kupokea na kutuma ni kazi ya Postfix. Kuwawezesha watu kusoma visanduku vyao kwa simu na kompyuta ni kazi ya programu nyingine, Dovecot.

Sasa tuulize: tukibadilisha mashine, ni kitu gani hasa kinachohama? Katika metafizikia tunafundishwa kutenganisha maada na umbo, na hapa mafundisho hayo yana faida kuliko nilivyotarajia. Chuma, diski, hata mfumo wenyewe ni maada. Vyote vinaweza kuwa vipya. Umbo la seva ya barua ni majina inayoyajua, nywila, visanduku, funguo za kutia sahihi, na anwani za kazi zinazoelekeza kwa watu.

Hizo anwani za kazi ndizo husahaulika zaidi. Zimeandikwa kwenye faili la /etc/aliases, na nyingi hakuna anayezikumbuka: ya gombera, ambayo humfuata yeyote aliye kwenye ofisi hiyo, ya miito, iliyochapishwa kwenye vipeperushi vya miaka iliyopita na bado imebandikwa kwenye mbao za matangazo za parokia. Usimwulize mtu anwani zipi zinatumika, atakutajia tatu. Soma kumbukumbu za seva ya zamani, zitakuonyesha kila anwani iliyopokea barua. Na anwani ya postmaster lazima iwepo na isomwe na mtu. Makubaliano yenyewe yanaidai.

Mafaili ya mipangilio usiyanakili tu na kuyabandika. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, imekuja na Dovecot 2.4, ambayo haikubali mipangilio ya toleo la 2.3. Iandike upya, mstari kwa mstari, ukijua kila mmoja unafanya nini.

Visanduku vyenyewe hutegemea vimehifadhiwaje. Katika mtindo wa mbox, barua zote za mtu ziko ndani ya faili moja refu. Katika mtindo wa Maildir, uliobuniwa na D. J. Bernstein, kila barua ni faili lake. Kwa uhamisho, Maildir ni neema: unaweza kuanza kunakili kwa rsync siku kadhaa kabla, seva ya zamani ikiendelea na kazi, kisha usiku wa mwisho ukanakili yale tu yaliyobadilika. Lakini hakikisha mafaili ya Dovecot yaliyo ndani ya visanduku, hasa dovecot-uidlist na dovecot-uidvalidity, nayo yanakwenda. Humo kila barua ina namba yake. Namba hizo zikipotea, simu ya kila mtu itaona kisanduku hicho ni kigeni, itatupa ilichokuwa nacho na kuanza kupakua upya. Kwa frateri aliye kwenye mtandao wa seminari hilo ni usumbufu tu. Kwa padre aliye parokia ya pembezoni anayenunua bando kwa fedha yake, barua za miaka kumi zikishuka asubuhi moja, hiyo ni hasara ya kweli.

Dunia hujua seva yako ilipo kwa rekodi ya MX katika jina la kikoa. Kila rekodi ina muda ambao wengine wanaruhusiwa kuikumbuka bila kuuliza tena, na mara nyingi ni sekunde 86,400, yaani siku nzima. Ushushe uwe sekunde 300 siku mbili kabla ya uhamisho, ili siku yenyewe ulimwengu usikumbuke mahali pa zamani kwa zaidi ya dakika tano. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba hakuna mwenye nywila ya kikoa. Jina liliandikishwa na padre aliyekwisha kuhamishwa, au na fundi ambaye namba yake haipatikani. Tafuta nywila hiyo kabla ya kununua hata waya mmoja.

Wapo watakaokushauri uweke seva ya pili ya akiba ya kupokea barua ya kwanza inapolala. Kwa taasisi ndogo sioni sababu. Watumaji wenyewe wanajua kungoja. Seva ya akiba isiyojua majina ya watu itasema 250 kwa kila kitu, barua taka zikiwemo, na kujitwisha wajibu isioweza kuutimiza.

Seva mpya ijaribiwe kabla ya MX kuguswa. Ingia kwenye mlango wake wa 25 kwa telnet na uzungumze nayo kwa mkono, namba zile utaziona kwa macho yako. Iandikie kila anwani iliyo kwenye orodha. Kisha, ukitumia intaneti ya simu na si ya seminari, jaribu kuipa barua ya mgeni inayokwenda kwa mgeni mwingine. Ni lazima ikatae. Ikikubali, watu wa barua taka wataigundua haraka kuliko unavyodhani.

Usiku wa uhamisho wenyewe ni mfupi. Kwenye mashine ya zamani tazama foleni kwa postqueue -p. Zikibaki barua mbili tatu zilizokwama zikitoka, zifute na uwaombe waandishi wazitume upya kesho. Zima Postfix na Dovecot za zamani. Nakili mara ya mwisho. Badilisha MX. Washa mpya. Kwa saa hiyo nzima hakuna aliyesema 250 bila kustahili. Barua za dunia zimekaa salama kwa watumaji wake.

Kutuma nje ndiko kunakochukua siku. Anwani mpya ya IP haina jina zuri wala baya, na wapokeaji wakubwa huitilia shaka. Kampuni nyingi za intaneti hufunga mlango wa 25 kwa barua zinazotoka. Uliza kabla ya kulipia. Rekodi ya kinyume, inayogeuza namba kuwa jina, huwekwa na mwenye IP, yaani kampuni hiyo, si wewe. Rekodi ya SPF hutaja ni seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lako, kwa hiyo iongezewe IP mpya. DKIM hutia sahihi kila barua, na DMARC humwambia mpokeaji afanye nini hizo zisipolingana. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku wawe na zote tatu. Seminari haifiki idadi hiyo, lakini weka zote. Cheti cha usimbaji hupatikana bure Let's Encrypt; hudumu siku 90, hivyo kijihuishe chenyewe, kisingoje frateri arudi likizo.

Mashine ya zamani ikae wiki mbili, imezimwa na waya wa mtandao umetolewa, endapo mtu atauliza kisanduku kilichosahaulika. Baada ya hapo wengi huitoa zawadi kwa shule ya jirani. Shule wapewe, ila diski itolewe kwanza. Humo mna barua za mapendekezo ya waombaji, mashauri ya ndoa, habari za wagonjwa, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Diski ya sahani husafishwa kwa amri ya shred. Za SSD amri hiyo haiaminiki. Hizo zipondwe kwa nyundo, mhazini akiwapo.