Uvimbe wa Ini: Sindano Badala ya Kisu

Wakazi wa Turkana wanaujua ugonjwa wa haidatidi, unaovimbisha tumbo. Huletwa na mayai ya tegu wa mbwa, yanayomwingia mtu kupitia mikono, maji au chakula kichafu. Mabuu yake hujenga kifuko cha maji, mara nyingi kwenye ini.

Baadhi ya vifuko hutibiwa bila kupasua tumbo. Akiongozwa na picha ya altrasaundi, daktari hudunga sindano, hufyonza maji, hutia dawa ya kuua mabuu, kisha huifyonza tena. Mgonjwa humeza albendazole kabla na baada ya kudungwa. Maji yakivujia tumboni yanaweza kuua, hivyo kazi hii hufanyika hospitalini pekee.

Mwenye uvimbe tumboni anahimizwa kupimwa mapema. Nawa mikono kila ushikapo mbwa.